Utamu wa keki umekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mama ana kisukari. Chai yake naitia aspatemu, kile kitia utamu cha badala ya sukari, na inakolea vizuri, lakini keki niliyomwokea kwa aspatemu hiyohiyo imetoka haina utamu. Kwa nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, binti. Aspatemu ni asidi amino (vijenzi vya protini) mbili zilizoshikana, aspatiki na fenilalanini, na kwenye ncha yake kuna kikundi cha methili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu. Utamu unategemea umbo hilo zima. Joto la tanuri hukinyofoa kikundi hicho, au molekuli hujikunja ikawa duara, na vipokezi vya utamu ulimini haviitambui tena. Miaka yote ya kufundisha kemia hili limenistaajabisha: ukigeuza fenilalanini tu iwe kama taswira yake ya kwenye kioo, atomu zikibaki zilezile, unapata uchungu!

Kwa keki tafuta sukralosi. Ni sukari iliyowekewa atomu tatu za klorini. Utamu wake ni kama mara 600 ya sukari, na huvumilia joto vizuri zaidi. Sakarini, kitia utamu kingine, pia huvumilia, ila huamsha na vipokezi vya uchungu.

Lakini unga wa ngano bado ni wanga, ambao mwilini hugeuka sukari, kwa hiyo mkatie mama kipande kidogo.