Programu ya maji kujaa na kupwa: haipotei tovuti ikifungwa

Kaka, umeuliza kama programu hii ya jedwali la maji kujaa na kupwa itapotea tovuti inayoihifadhi ikifungwa. Hapana, haipotei. Git, mfumo unaotunza kila badiliko la programu, haiweki historia mahali pamoja: kila aliyeinakili programu hii kikamilifu, awe Sahare au Chumbageni hapa Tanga, anayo yote tangu siku ya kwanza. Ila usibonyeze kile kitufe cha kushusha zipu, maana kinakupa mafaili ya leo tu. Tumia amri ya git clone --mirror, inabeba matawi yote (njia tofauti za kazi) na lebo zote (alama za matoleo). Nimeifanya jana usiku hapa Ngamiani, nikatia kwenye fleshi, nikaifungua kwenye laptopu nyingine isiyo na bando. Hata lile badiliko la zamani lililosahihisha saa za bamvua, yaani maji makubwa, lilikuwamo, na maelezo yake.

Kinachonitia wasiwasi ni ripoti za hitilafu. Hizo hazimo ndani ya Git, na ndani ya ripoti hizo ndimo wavuvi walimoeleza wapi jedwali linapishana na maji wanayoyaona. Lazima zishushwe kando, pamoja na mafaili ya kusakinisha, kabla tovuti haijafungwa. Muda wenyewe huwa mfupi: Google Code, tovuti ya Google ya kuhifadhi programu kama hizi, ilitangaza kufungwa Machi 2015, Agosti ikawa ya kusoma tu, Januari 2016 ikafungwa.

Pia bandika kiungo cha programu kwenye Software Heritage, hifadhi ya msimbo (maandishi ya programu) iliyoanzishwa na Inria ya Ufaransa mwaka 2016. Mtu yeyote anaruhusiwa kuomba msimbo uhifadhiwe, si lazima awe mwandishi wake. Fanya leo, tovuti ingali hewani.