Usiichomeke kwanza: ushauri kwa anayeokota kompyuta za zamani

Mashine ya kwanza niliyoiokoa jalalani, mimi ndiye niliyeimaliza. Ilikuwa kompyuta ya kizazi cha 386 yenye sanduku zito la chuma, plastiki ya mbele imegeuka manjano, ina tundu la ufunguo na kile kitufe cha kubadilisha kasi. Niliibeba begani, nikaifuta vumbi, nikatafuta waya, nikaichomeka. Feni ikazunguka. Taa ya kijani ikawaka. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu pale kitu kilipopasuka ndani, na moshi mchungu ukaanza kutoka kwa nyuma.

Kesho yake niliipima pawa saplai, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za mashine, peke yake, nikiwa nimeipa mzigo wa diski mbovu. Waya mwekundu uliotakiwa kutoa volti 5 ulikuwa unatoa zaidi ya 8. Chipu zile zilikuwa zimekaa zaidi ya miaka 20 bila kudhurika, zikaungua kwa sekunde chache kwa sababu sikuweza kusubiri jioni moja.

Nimeokota nyingi tangu siku hiyo, nyingine nzima, nyingine mabaki tu, na ushauri wangu mkubwa umebaki uleule: ukishaifikisha nyumbani, usiichomeke. Ifungue kwanza.

Hata kabla ya bisibisi, iinamishe polepole huku na huku usikilize. Skrubu iliyolegea na kulala juu ya bodi, ule ubao mkuu wenye chipu, inatosha kuunganisha nyaya zisizopaswa kukutana. Ukishaifungua, piga picha kabla hujagusa chochote: kebo zilivyolala, kadi zilivyopangwa, na jampa zote, yaani vile vijiplastiki vidogo vyeusi vinavyofunika pini mbili mbili. Kebo bapa za zamani nyingi hazina kizuizi cha kukukinga usizigeuze. Ukingo wenye mstari mwekundu ndio upande wa pini namba 1. Usiamini kuwa utakumbuka. Wiki mbili zikipita hukumbuki.

Kisha tafuta betri. Kwenye bodi nyingi za 286, 386 na 486 utakiona kijipipa kidogo, mara nyingi cha buluu au kijani, kimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Hiyo ni betri ya nikeli na kadimiamu ya volti 3.6, iliyowekwa kutunza saa na mipangilio mashine inapozimwa. Ikizeeka huvuja. Kinachovuja si tindikali kama wengi wanavyodhani, ni alkali, na inatambaa juu ya shaba taratibu hata kama mashine imelala kabatini haijaguswa na mtu. Kwa hiyo betri hiyo haingoji Jumamosi utakapopata nafasi. Ikate miguu kwa koleo siku hiyohiyo, hata ukiiona safi. Kwenye Macintosh za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, kama SE/30, utakuta betri ya lithiamu fupi, nusu ya urefu wa betri ya rimoti. Nayo itoe. Ikipasuka inakula bodi na fremu ya chuma pamoja.

Hapa nieleze kidogo kuhusu 486 moja, maana ndiyo iliyonifundisha kazi hii ya betri. Nilipofungua kifuniko, kijipipa kilikuwa kimeota ukoko wa kijani na nyeupe kama chumvi, na uharibifu ulikuwa umeenea hadi kwenye soketi ya kibodi. Rangi ya kijani inayofunika bodi ilikuwa imejibandua kama ngozi iliyoungua jua, na njia za shaba chini yake zimekuwa nyeusi. Nilivaa glavu, kwa sababu kadimiamu ni sumu na vumbi lake si la kupuliza wala kuvuta puani. Nikachukua mswaki wa zamani, nikauchovya kwenye siki nyeupe, nikasugua. Siki ni tindikali hafifu, inaizima ile alkali. Vipovu vidogo vilitoka, vikatulia, nikafuta, nikarudia mara tatu hadi hakikutoka kipovu tena. Baada ya hapo nikaisuuza kwa maji ya kujazia betri, yale yasiyo na madini, nikamalizia kwa spiriti, nikaiacha mbele ya feni siku mbili nzima.

Kazi iliyofuata ni ya macho na subira. Unaweka mita ya kupimia umeme kwenye sehemu inayolia, ncha moja kwenye pini ya soketi, nyingine mahali njia ile inakoishia, unasikiliza. Ikilia, njia ni nzima. Isipolia, imekatika. Karibu na soketi ya kibodi nilikuta njia mbili zilizokatika, moja ikiwa na ufa ambao bila lenzi nisingeuona. Nilikwangua shaba hadi ikang'aa, nikalehemu juu yake uzi mmoja wa waya mwembamba kama unywele, nikaushikilia na tone la gundi. Nitairudia mashine hiyo baadaye.

Ukitaka kuweka betri mpya, usilehemu lithiamu palepale pa ile ya zamani bila kufikiri. Bodi ilitengenezwa kuchaji betri iliyokuwepo, na itajaribu kuichaji hiyo mpya pia, jambo ambalo lithiamu ya kawaida haivumilii. Weka dayodi ya kuzuia umeme usirudi, au tumia pini nne za betri ya nje ambazo bodi nyingi zinazo, kisha weka jampa yake mahali panapotakiwa. Mimi huweka kishikio cha betri mbali na bodi, pembeni mwa sanduku, ili siku betri ikivuja isiharibu kitu.

Kapasita, vile vijikopo vidogo vya kuhifadhi umeme kwa muda, nazo zina dalili zake. Za bodi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hujionyesha zenyewe: vichwa vimevimba au vimetoa ute wa kahawia. Zile ndogo za mviringo zilizolala bapa kwenye bodi, kama za kompyuta za Amiga 600 na 1200 na Macintosh nyingi, ni za hila zaidi. Zinavuja chini kwa chini na kwa juu zinaonekana nzima. Ukigusa miguu yake kwa pasi ya kulehemu ukasikia harufu ya samaki, basi imeshavuja, na hapo usibadilishe moja, badilisha zote.

Pawa saplai ipime nje ya mashine. Nyingi za zamani hazitulii bila mzigo, kwa hiyo ziunganishe na diski mbovu usiyoijali. Waya mwekundu na mweusi: volti 5, na kupungua au kuzidi kusipite robo volti. Njano na mweusi: volti 12. Pawa saplai za kizazi cha AT, za enzi za 286 hadi 486, zina plagi mbili zinazoingia kwenye bodi zikiwa sambamba, na ukizikosea mahali umeiua bodi. Nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati, nyeusi kwa nyeusi. Kama hujawahi kufanya kazi na umeme wa ukutani, sanduku la pawa saplai lenyewe usilifungue. Ndani mna kapasita zinazobaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa.

Monita za kioo kinene, zile nzito, beba lakini usifungue. Ya rangi hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000, na kioo kinaweza kubaki na chaji. Unapoibeba, uso wa kioo uelekee kifuani kwako. Uzito wote uko mbele, na shingo ya nyuma ni nyembamba, ikigongwa tu imekwisha.

Sasa, nini cha kuchukua? Watu wengi hukimbilia sanduku kubwa na kuacha kisichopatikana tena. Nimeona mtu akibeba mashine ya PS/2, ile familia ya IBM ya mwaka 1987, na kuiacha bahasha ya diski iliyokuwa chini yake. Betri ya mashine hiyo ikifa, inaonyesha kosa namba 161, na zile zenye nafasi za kadi za aina ya Micro Channel zinataka diski yake maalumu ya kupanga mipangilio. Bila diski hiyo una chuma. Kwa hiyo kabla ya mashine, angalia kilicho kando yake: flopi (disketi) zenye maandishi ya mkono, vijitabu, kebo zenye plagi za ajabu, reli za kushikilia diski, hata kopo la skrubu. Kadi ndefu zinazochomekwa kwenye nafasi nyeusi za ISA, aina ya zamani ya nafasi za kadi, usiziache. Pia kadi za sauti kama Sound Blaster, iliyotoka mwaka 1989, na za michoro kama Voodoo ya 1996 zinasakwa sana na watu wanaofufua mashine za enzi hizo. Binafsi kibodi nzito siiachi kamwe. Ile ya IBM inayoitwa Model M, iliyoanza mwaka 1985, ina springi chini ya kila kitufe, na ukiigeuza utakuta lebo yenye tarehe iliyotengenezwa. Nyingi zinafanya kazi baada ya kuoshwa tu.

Flopi yenye ukungu usiiingize kwenye mashine yako nzuri, itachafua kichwa cha kusomea na kuharibu zitakazofuata. Ile safi isome mara moja, unakili kila kitu, uiweke. Hujui kama itakubali kusomwa mara ya pili.

Na uliza. Kitu kuwekwa nje si lazima kiwe kimetupwa. Mlinzi, mfagizi, mwenye ofisi, mtu yeyote. Mara nyingi jibu ni "chukua, umetusaidia", na mara kadhaa nimeambiwa "subiri, kuna nyingine ndani". Ukichukua kimya kimya, hiyo ya ndani huijui.

Waokotaji wa skrapu ni watu wa kujenga nao urafiki. Wao huifikia mashine kabla yako na wana macho makali. Shida ni dhahabu. Chipu za kauri za zamani zina dhahabu, na Pentium Pro ya mwaka 1995 inajulikana kwa hilo, kwa hiyo inang'olewa na kuyeyushwa kwenye tindikali, kazi inayoumiza mapafu na mikono ya anayeifanya. Siwalaumu, ni riziki. Nilichofanya mimi ni kumwomba mmoja waziwazi: "Kaka, ukikuta bodi yenye nafasi nyeusi ndefu, usiivunje, niite kwanza." Nikampa picha. Ameniita mara nyingi, na kila mara nimemlipa zaidi ya ambavyo angepata kwa uzito wake.

Anayetupa mara nyingi hajui anatupa nini. Mwaka 2015 huko California, mwanamke mmoja alifika kwenye kituo cha taka za kielektroniki na masanduku ya vitu vilivyokuwa vya mumewe aliyefariki, akayaacha bila hata kutaka risiti. Wiki chache baadaye wafanyakazi walikuta ndani yake Apple-1, mojawapo ya takriban 200 zilizotengenezwa na Steve Jobs na Steve Wozniak kuanzia mwaka 1976. Kituo kilimtafuta mama yule kupitia vyombo vya habari ili kumpa nusu ya fedha ya mauzo. Huwa nakumbuka zaidi kule kumtafuta kuliko mashine yenyewe.

Maana ndani ya unachookota kuna mtu. Hadidiski uliyoipata ina barua zake, hesabu zake, labda picha za watoto wake. Kanuni yangu ni kwamba sisomi faili za mtu. Naangalia majina ya folda kiasi cha kujua kama kuna programu isiyopatikana tena, hiyo nainakili. Nikijua ilikotoka, namuuliza mwenyewe. Mara moja mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, kama kuna folda ya barua, nitolee chapa." Zilikuwa kurasa kumi na nne. Sikuuliza ni za nani. Wasipotaka, au wasipopatikana, naandika sifuri diski nzima mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kufuta faili peke yake hakuondoi kitu.

Ile 486 niliichomeka wiki ya tatu. Nilipima kila volti kwanza, nikaweka kadi ya michoro peke yake na kumbukumbu, bila diski, kidole kikiwa kwenye swichi ya ukutani. Skrini ilikaa nyeusi muda nilioona mrefu. Halafu spika ndogo ikatoa mlio mmoja mfupi, na namba zikaanza kupanda kwenye kona: 640, 1024, 2048, hadi 4096. Ikasema saa yake imepotea, jambo nililolitegemea. Haikulalamikia kibodi. Nikabonyeza kitufe cha kuingia kwenye mipangilio, ukurasa wa buluu ukafunguka, nikaandika tarehe ya siku hiyo.