Mtoto analia tangu getini

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa miaka 7 alimwagikiwa na uji wa moto pajani. Kila baada ya siku mbili tunakwenda dresingi, na tukifika tu getini anaanza kulia. Mdogo wangu aliyeko Marekani anasema huko wagonjwa huvalishwa miwani ya michezo ya kompyuta, wasisikie maumivu kabisa. Ni kweli? Na sisi tusiokuwa nayo? – Mama Iddi, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Nimefunga vidonda vya moto miaka 26, kilio cha getini nakijua.

Mdogo wako kasema kweli, ila hapo kwenye “kabisa” kazidisha. Kule Seattle, Marekani, wanasaikolojia Hunter Hoffman na David Patterson walianza miaka ya 1990 kuwavalisha wagonjwa wa moto miwani ya uhalisia pepe. Mgonjwa haoni mkasi wala beseni. Anajiona katikati ya bonde la barafu, anarusha mabonge ya theluji, huku muuguzi akisafisha kidonda. Maumivu hupungua kwa sababu nayo yanataka akili ya mtu, na akili imeshatekwa kwingine. Hata hivyo dawa za maumivu huendelea kutolewa. Wengine miwani huwatia kichefuchefu, na mwenye kifafa asivalishwe bila kumuuliza daktari.

Sasa Iddi. Mwombe muuguzi dawa ya maumivu itolewe mapema, ipate muda wa kufanya kazi kabla bandeji haijafunguliwa. Shashi iliyogandia kidondani iloweshwe kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, isivutwe kavu. Hili lisemee, mama, usione haya. Wala usimwambie “haiumi”. Siku ya pili hatakuamini.

Kisha mpe simu yako, na uchague mchezo anaoucheza kwa mkono wake mwenyewe; katuni ya kutazama tu humtoka akilini mara anaposikia uchungu. Nilikuwa na mgonjwa, binti wa umri huohuo aliyeungua mguu kwa chai. Mama yake alimpa mchezo wa kupanga matofali. Mimi namwagia maji shashi, yeye macho kwenye simu, ananiambia, “Subiri, bibi, bado mstari mmoja.” Nikasubiri. Alipoumaliza, akaunyoosha mguu mwenyewe.