Viti na taa za kisasa: maswali yenu na majibu

Viti vya kisasa vinavyosifiwa majaridani naviona vitupu tu. Hakuna nakshi, hakuna mto mnene. Sifa zote hizo zinatoka wapi? (Msomaji, Tanga)

Tazama jinsi kiti kilivyoundwa, ndipo utaziona. Chukua kiti namba 14 cha Michael Thonet, kilichotoka mwaka 1859 katika milki ya Austria. Seremala wa kawaida alichonga mguu kutoka kwenye ubao mnene, na sehemu kubwa ya ubao ikaishia kuwa maranda. Thonet alizilainisha fito kwa mvuke, akazipinda kwenye kalibu za chuma, zikakauka zikiwa na umbo alilolitaka. Miguu ya nyuma na egemeo vikawa ufito mmoja. Kiti kizima kina vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2. Vikifunguliwa, viti 36 vinaenea kwenye kasha la mita moja ya ujazo, vinasafirishwa hivyo, kisha vinafungwa huko vilikopelekwa. Ndiyo maana kilienea mikahawani kote Ulaya. Ukishayajua hayo, hutatamani kuongeza ua wala jani kwenye mkunjo ule.

Shikamoo. Taa ya mezani kwetu inaumiza macho, na nikipunguza ukali wa globu, chakula hakionekani vizuri. Nifanyeje? (Binti, Nakuru)

Marahaba, mwanangu. Shida si ukali, ni globu kuwa wazi. Poul Henningsen wa Denmark alihangaika na jambo hilihili tangu miaka ya 1920, umeme ulipokuwa unachukua nafasi ya taa za mafuta. Kwangu mimi, hakuna aliyeielewa taa ya nyumbani kumzidi. Alipanga vifuniko kadhaa, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na mpindo uliopigiwa hesabu, ili mwanga ugonge kifuniko kwanza ndipo ushuke mezani. Taa yake ya PH 5 ya mwaka 1958 ina kifuniko kikubwa chenye upana wa sentimita 50, na ile 5 ya jina lake imetoka hapo. Ikining'inizwa kwa kimo chake, waliokaa mezani hawaioni globu, ila sahani na nyuso za wenzao zinaonekana vizuri. Ndani aliweka hata vipande vidogo vyekundu na vya buluu ili kurekebisha rangi ya mwanga.

Si lazima ununue ya Denmark. Tafuta kifuniko kipana, chenye rangi nyeupe isiyong'aa kwa ndani, kirefu kiasi cha kuimeza globu yote. Kishushe mpaka kiwe sentimita 60 hivi juu ya meza. Watu wengi huitundika taa ya mezani karibu na dari, na hapo ndipo uzuri wake unapopotea.

Taa za LED: nyeupe au za njano? (Baba wa watoto watatu, Dodoma)

Soma namba yenye herufi K kwenye boksi. Sebuleni na chumbani chukua 2700K hadi 3000K, mwanga wa njano uliotulia. Ile 6500K ni nyeupe inayokaribia buluu. Iache dukani au kwenye karakana. Na usichanganye mbili hizo katika chumba kimoja.

Nimeona taa ndefu iliyopinda kama upinde, imesimama juu ya jiwe. Jiwe lote lile la nini? (Msomaji, Mombasa)

Hiyo ni Arco, ya ndugu wawili wa Italia, Achille na Pier Giacomo Castiglioni, mwaka 1962. Walitaka mwanga ufike katikati ya meza bila kutoboa dari, wakauwazia mlingoti wa taa za barabarani. Mkono ukienda mbali hivyo, taa itaanguka isipokuwa kitako kiwe kizito. Basi wakaweka marumaru ya Carrara ya kilo 65 hivi. Jiwe lina tundu. Wengi hudhani ni pambo, kumbe ni la kupitisha mpini wa ufagio ili watu wawili wainyanyue. Pembe zake nazo zimekatwa zisimuumize mtu. Hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Fundi wangu wa Keko anaweza kunitengenezea kiti cha Hans Wegner kwa kuangalia picha tu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Atakupa kinachofanana kwa mbele. Kile kiti cha Wegner, mbunifu wa Denmark, cha mwaka 1949, chenye egemeo la umbo la Y, kina miguu ya nyuma iliyojipinda, na kikalio kinachosukwa kwa mkono kwa takriban mita 120 za kamba ya karatasi. Picha haimwonyeshi fundi kina cha kikalio wala mlalo wa egemeo, na starehe yote iko hapo. Tena kukiuza kwa jina la Wegner ni udanganyifu.

Mimi ningemwambia fundi hivi: tumia mninga, kikalio kiwe sentimita 45 kutoka sakafuni, na badala ya sponji tafuta msusi wa vitanda vya kamba akisuke. Hicho kitakuwa kiti chenu wenyewe. Kaa juu yake kabla hakijapigwa vanishi, muda wa mlo mzima, umwambie fundi panapokuumiza angali anaweza kuparekebisha.