Maswali ya Wasomaji: Kuufunga Mwamba wa Pweza

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watano, na tangu usichana wangu nachokoa pweza kwa miguu huku kusini mwa Pemba. Kamati ya wavuvi ya shehia inataka mwamba wetu ufungwe miezi mitatu ili pweza wakue. Wazamiaji wenye vyombo wameafiki upesi, kwa kuwa wao wana miamba mingine ya kwendea, ilhali sisi wanawake hatuna pengine pa kufika kwa miguu. Je, ni kweli kwamba pweza hukua haraka kiasi hicho? Na mwamba ukifunguliwa, faida itatufikia sisi au itaishia kwao?
— Mchokoaji, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, mama. Swali la kwanza halina utata: ni kweli. Pweza tunayemvua katika pwani hii huishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi, na sehemu kubwa ya umri huo mfupi huimaliza kwa kula, hasa kaa, ambao magamba yao unayakuta yametapakaa mbele ya shimo na kukujulisha kwamba mwenye nyumba yumo. Angali mchanga, anaweza kuongeza uzito wake maradufu katika muda usiofika miezi miwili. Kwa hiyo yule wa nusu kilo unayemwacha leo, akinusurika na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, hatakuwa wa nusu kilo siku mwamba utakapofunguliwa.

Hata hivyo, mikutanoni watu huambiwa kwamba mwamba hufungwa ili pweza wazaliane, na hapo maelezo huwa nusu. Jike hutaga mara moja tu maishani. Huziba mlango wa shimo kwa mawe, huyalinda mayai kwa takriban mwezi mzima bila kula, na yakishaanguliwa naye hufa. Watoto wake, ambao ni wadogo kuliko punje ya mchele, huchukuliwa na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua, pengine mbali sana na mahali walipoanguliwa, hivyo kizazi cha mwamba wenu chaweza kuwa riziki ya kijiji kingine, na cha kijiji kingine kikawa riziki yenu. Faida ambayo nyinyi wenyewe mtaipima kwenye mizani baada ya miezi mitatu itatokana zaidi na ukuaji wa pweza waliokuwapo tayari. Mwenye kukuahidi zaidi ya hapo kwa muda mfupi hivyo amekwenda mbali mno.

Ufungaji wa namna hii ulipata sifa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, ambako wanakijiji walianza mwaka 2004, na baadaye ukaenea hadi visiwa vyetu, Kisiwa Panza kikiwa miongoni mwa vilivyoujaribu. Watafiti waliochunguza ufungaji wa miamba mara 36 huko Madagaska walikuta kwamba, katika siku 30 baada ya kufunguliwa, pweza walioletwa pwani waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700 kulinganisha na siku 30 kabla ya kufungwa. Tarakimu hiyo hupendwa sana na wasemaji. Isiyotajwa sana ni ya pili: mvuvi mmoja mmoja kwa siku aliongezewa asilimia 87. Pengo baina ya tarakimu hizo mbili lina maelezo mepesi, nayo ni kwamba siku ya kufungua watu hufurika. Asilimia 87 si haba hata kidogo, lakini ndiyo ya kuiwekea bajeti nyumbani. Tena, sehemu iliyofungwa huko ilikuwa kiasi cha moja ya tano tu ya eneo la uvuvi la kijiji, hivyo watu waliendelea kuvua kwingine. Kama kamati yenu inataka kufunga mwamba wote mnaoufikia kwa miguu, huo si mfano wa Madagaska tena, na mna haki ya kukataa.

Swali lako la pili ndilo zito, na kwa maoni yangu jibu lake limo katika kalenda ya mwezi. Nyinyi mnafika mwambani kwenye bamvua tu, maji yanapokupwa sana, na hata hapo mna saa chache kabla hayajaanza kujaa; baadhi yenu saa hizo hizo mnahitajiwa shambani kwenye mwani. Mzamiaji hana haja ya kusubiri bamvua. Mwamba ukifunguliwa wakati wa maji mafu, yaani siku yasipokupwa sana, wenye miwani na vyombo watakuwa wameshachagua wakubwa wote kabla ya nyinyi kukanyaga jiwe. Kwa hiyo, kabla hujanyanyua mkono kuunga mkono, dai yaandikwe haya kwenye kumbukumbu za kikao: kwamba kufungua kutaangukia bamvua, kwamba maji ya kwanza, au siku mbili tatu za mwanzo, ni ya waendao kwa miguu peke yao, na kwamba sehemu ya mwamba wa karibu itabaki wazi muda wote. Hakikisheni pia kwamba wanawake wamo katika doria na katika kupima mizani siku hiyo, maana asiyekuwapo kwenye mizani huhesabiwa na wengine.

Bei nayo isisahauliwe. Pweza wengi wakimwagika pwani kwa siku moja, mchuuzi hushusha bei, na uzito wote mlioungoja ukaishia mfukoni mwake. Afikiwe na kukubaliana naye mapema.

SWALI: Huku kwetu Kilwa tunaambiwa pweza wa chini ya nusu kilo arudishwe baharini. Nikishamchoma na mchokoo, nikimrudisha ataishi?
— Msomaji, Kilwa

JIBU: Kwa kawaida hataishi, na aliyejeruhiwa huliwa upesi na samaki wengine. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza pweza aliye chini ya gramu 500, lakini mwambani hakuna mizani, na uamuzi inabidi uwe umeshafanyika kabla ya ncha kuingia shimoni. Upana wa shimo na ukubwa wa magamba ya kaa yaliyo mlangoni humpa mzoefu makisio mazuri. Ukiwa na shaka, liache shimo na ulikariri mahali lilipo. Shimo lililozibwa kwa mawe kutoka ndani nalo liache, kwani huenda mna jike juu ya mayai, na jike wa namna hiyo ameshakonda, hivyo hasara yako ni ndogo. Usivunje tumbawe ili kumfikia aliyejificha. Shimo zuri hupata mpangaji mwingine, wakati mwingine ndani ya bamvua hiyo hiyo.