Uso wa kijani umegeuka tope

SWALI: Shikamoo mwalimu. Shangazi amenizawadia boksi la pasteli laini (chaki za rangi), rangi 24. Ili nijifunze, nanakili mchoro wa mchoraji Mjerumani Ernst Ludwig Kirchner wa mwaka 1910, ule wa binti Fränzi aliyeketi mbele ya kiti cha kuchongwa, mwenye uso wa kijani. Nachorea kwenye manila na kusugua kwa kidole ili rangi zichanganyike, lakini uso unakuwa tope. Mume wangu kauliza kama binti ana homa ya manjano. Je, nimpe tu rangi ya ngozi ya kawaida?
Mama S., Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mumeo binti hana homa. Tena usiuguse huo ukijani, maana ndio ulioushika mchoro mzima. Kitazame kiti nyuma yake: kimechongwa umbo la mwanamke, na chenyewe ndicho kilichopewa waridi ya ngozi ya mzungu. Mti una rangi ya mtu, mtu ana rangi ya jani. Kirchner na wenzake wa Die Brücke, kikundi cha wachoraji walichokianzisha Dresden, Ujerumani, mwaka 1905, hawakuwa na haja ya kujua ngozi ina rangi gani. Walitaka rangi mbili zikikaa jirani zigombane. Ukimpa Fränzi ngozi ya kawaida, atameza kiti na kiti kitammeza yeye.

Sasa hilo tope. Kosa la kwanza ni manila. Ni laini mno, haina meno ya kushika unga. Ukiweka rangi ya pili, inateleza juu ya ile ya kwanza. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue msasa laini, namba 400 au 600. Ndio, msasa wa fundi seremala! Utakula chaki zako upesi, lakini utabeba matabaka ambayo manila haiwezi hata kuyaota.

Kosa la pili ni kidole. Kirchner alitumia rangi za mafuta, ambazo huweza kuchanganywa kabla hazijafika kwenye turubai. Wewe huna pa kuchanganyia isipokuwa kwenye karatasi yenyewe, na ukisugua kijani na nyekundu pamoja unapata matope, hakuna muujiza. Basi usisugue. Chora mistari mikubwa kwa mkaa, kisha laza kipande cha chaki kwa ubavu na upitishe kijani kwa mkono mwepesi, kama unampaka mtoto poda. Juu yake weka michirizi ya njano, iache ionekane. Rudi nyuma hatua tatu; macho yako ndiyo yatakayochanganya. Anza na rangi za giza, umalizie na zile angavu, na nguvu za mkono uziweke akiba hadi mwisho. Midomo myekundu iwe ya mwisho kabisa: mkandamizo mmoja, kisha usiiguse tena. (Kwenye msasa kidole hakitathubutu hata hivyo, kitachubuka.)

Spirei ya nywele nakusihi usiitumie kugandishia. Inatia madoa, na njano safi inafifia mbele ya macho yako. Heri uweke kwenye fremu yenye kioo, ila kioo kisigusane na unga. Tenganisha kwa ukingo wa kadibodi. Kwa unyevu wa Tanga, picha iliyobanana na kioo huota ukungu. Nyuma andika "nakala kutoka kwa Kirchner", asije mtu akadhani ni yako.

Na vumbi usilipulize. Mimi nililipuliza mwaka wangu wa kwanza, bluu yote ikatua kwenye chai ya mama mkwe, akainywa nusu kabla hajaangalia kikombe. Toka nje, simamisha ubao, upigepige kwa nyuma.