Shughuli za Shule Zikabidhiwe Wanafunzi, na Kijiji Kiitwe Mapema

Kwa miaka mingi nimekuwa mlezi wa shughuli za wanafunzi katika shule ya sekondari ya kata mkoani Morogoro, shule ya kutwa iliyozungukwa na mashamba ya mahindi na mpunga, na haya nayaandika kwa ajili ya walimu wenzangu ambao mwaka huu wamekabidhiwa jukumu hilo, pengine bila hata kuliomba. Ushauri wangu mkuu ni mmoja. Shughuli yoyote ya shule, iwe mahafali, mdahalo, bonanza la michezo au siku ya usafi, ikabidhiwe wanafunzi tangu hatua ya kupanga, pamoja na uamuzi wa matumizi ya fedha zake, na wananchi wanaoizunguka shule waitwe wakati mambo bado yanajadilika, si baada ya kila kitu kuamuliwa.

Mazoea yetu ni kinyume cha hayo. Ratiba hupangwa katika ofisi ya walimu, wanafunzi huelezwa nani atafagia uwanja, nani atapanga viti na nani ataimba ngonjera, na wazazi hupata barua siku chache kabla, barua ambayo sehemu yake iliyoandikwa kwa herufi nzito kuliko nyingine ni kiasi cha mchango. Halafu tunashangaa wazazi wanapokuwa wachache. Ninachopendekeza hapa wala si kigeni katika nchi yetu. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliitaka shule iwe sehemu ya jamii yake, na iliwataka wanafunzi washiriki katika maamuzi ya shamba la shule, ikiwa ni pamoja na kuamua mapato yake yatumikeje. Tumeshika jembe la sera ile na kuliacha hilo la maamuzi. Mpango wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulianza kwa kuwauliza wasichana wa sekondari ni nini kinachowakwamisha, kisha wakayatengenezea maigizo yale waliyoyasema wenyewe. Hata Roots & Shoots, programu ya vijana ya kutunza mazingira ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi duniani, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991, wakati wanafunzi 12 wa sekondari walipokutana na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, na kumweleza mambo yaliyowasumbua katika mazingira yao.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza. Katika kikao cha kwanza cha mwaka, wagawie wanafunzi vipande vya karatasi, waandike bila majina jambo moja linalowasumbua kati ya nyumbani na shuleni, kisha kaka mkuu na dada mkuu wazisome karatasi hizo mbele ya wote. Tulipofanya hivyo shuleni kwetu, nilitarajia malalamiko juu ya viboko na chakula cha mchana. Yalikuwapo, lakini jambo lililojirudia katika karatasi nyingi za wasichana lilikuwa foleni ya maji. Kisima cha pampu kilicho karibu na shule hufunguliwa alfajiri, na mtoto aliyetumwa maji na mama yake husubiri nyuma ya watu wazima wenye mikokoteni ya madumu, kisha hufika shuleni baada ya namba kuhesabiwa na kuadhibiwa kwa kuchelewa. Sisi walimu wa zamu tulikuwa tukiona uchelewaji tu. Wanafunzi waliamua kwamba shughuli ya kwanza ya muhula ingekuwa siku ya kazi kisimani: wangefyeka majani, wangechimba mtaro wa kupitisha maji yanayomwagika, na baada ya kazi wangeketi na kamati ya maji waieleze shida yao. Barua ya kuomba kikao waliiandika wenyewe na kuipitisha kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kamati, baada ya kuwaona wakiwa na majembe mikononi, iliwasikiliza kwa makini ambayo nadhani isingekuwapo kama angekwenda mwalimu peke yake, na ikakubali kwamba siku za masomo wenye sare za shule wateke kwanza hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gharama ya shughuli nzima ilikuwa ya maji ya kunywa na viazi vya kuchemsha.

Baada ya kuuliza, unda kamati na uipe kazi halisi. Mwenyekiti, katibu na mtunza hazina wachaguliwe na wanafunzi, na wawemo wa kidato cha kwanza na cha pili, maana wa kidato cha nne wataondoka. Kuhusu fedha, wengi wetu husita, na kusita huko kuna sababu. Fedha zenyewe zikae katika akaunti ya shule na zifuate taratibu za mkuu wa shule, bila mkato. Kinachokabidhiwa wanafunzi ni uamuzi wa nini kinunuliwe, kazi ya kuulizia bei, na utunzaji wa kumbukumbu. Mtunza hazina wetu wa kwanza alikuwa binti wa kidato cha pili ambaye mama yake anauza mchele gulioni. Alichora safu nne katika kaunta buku, yaani tarehe, kitu, bei ya makisio na bei halisi, na kila stakabadhi aliibandika kwa gundi kwenye ukurasa unaohusika. Alikwenda sokoni na mwenzake pamoja na mwalimu, wakaulizia mafuta ya kula katika maduka matatu kabla ya kununua, na tofauti waliyoipata ikalipia sabuni ya kuoshea masufuria. Katika somo la uwekaji hesabu tunaeleza mambo hayo kwa maneno mengi ubaoni, na sijaona njia ya kuyafundisha iliyo bora kuliko ile.

Sasa niseme kuhusu mahafali, kwa sababu ndiyo shughuli inayopendwa kuliko zote na ndiyo inayoumiza kuliko zote. Mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, wakati ambapo akiba ya chakula katika kaya nyingi za wakulima imeanza kupungua. Januari 2016 serikali iliondoa ada katika shule za sekondari za umma hadi kidato cha nne, na ada ya shule ya kutwa iliyoondolewa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Nimewahi kuona mchango wa mahafali peke yake ukizidi kiasi hicho: joho la kukodi, fulana yenye majina ya wahitimu, keki, muziki na mpiga picha. Mtoto ambaye mzazi wake hakuweza kutoa hukaa nyumbani siku ile, naye huwa amesoma miaka minne na wenzake. Hilo linaniuma sana, na sidhani kuna mapambo yoyote yanayostahili gharama hiyo.

Mkiwaachia wanafunzi waamue, wakiwa na orodha kamili ya gharama mbele yao, mara nyingi huchagua vizuri kuliko sisi. Wetu waliamua kuvaa sare safi za shule badala ya majoho, na waliwaomba wazazi walete walichonacho: debe la mahindi, maharage, kuni, nazi, kuku kwa aliyejaliwa, au nguvu zake tu kwa ajili ya kupika na kufunga maturubai. Akina mama lishe wa kijijini walisimamia jiko. Kila aliyeleta kitu aliandikwa jina na kitu chake bila kubadilishwa kuwa shilingi, na aliyeleta kuni aliandikwa katika orodha ileile na aliyeleta fedha. Wale ambao hawakuleta chochote hawakuandikwa mahali popote, na hawakutajwa. Nashauri jambo hilo la mwisho lisimamiwe na mlezi mwenyewe, kwa kuwa kishawishi cha kuwataja huwa kikubwa hasa kwa wanafunzi waliojituma.

Ndani ya mahafali kuna risala, na risala inahitaji maneno yake. Kwa kawaida mwalimu wa Kiswahili huiandika, mwanafunzi mwenye sauti nzuri huikariri, na mgeni rasmi husikia kile alichokisikia katika shule jirani wiki iliyopita: historia fupi ya shule, idadi ya walimu, kisha mfululizo wa maombi kuanzia uzio hadi kompyuta. Mimi huwaomba wanafunzi waiandike wenyewe kwa masharti mawili. La kwanza, kabla ya ombi lolote waeleze ni kazi gani shule imefanya kwa ajili ya kijiji mwaka ule, na kijiji kimefanya nini kwa ajili ya shule, wakitaja vitongoji kwa majina. La pili, waombe jambo moja tu, walieleze kwa vipimo na bei, na waseme sehemu ambayo wao na wazazi wameshaianza. Mwaka mmoja waliomba mabati ya kuezekea choo cha wasichana ambacho tofali zake zilikuwa zimeshafyatuliwa na wazazi na msingi wake umeshajengwa. Mgeni rasmi hakuhitaji kuahidi kwa ujumla, kwa kuwa alijua idadi ya mabati na alikuwa ameonyeshwa msingi wenyewe alipokuwa akiingia. Ombi la namna hiyo ni rahisi kulifuatilia pia, maana kijiji kizima kimelisikia.

Mdahalo nao una tatizo lake. Lugha ya kufundishia katika sekondari zetu ni Kiingereza, na midahalo mingi huendeshwa kwa lugha hiyo ili kuwazoeza wanafunzi kuzungumza. Sina ugomvi na zoezi hilo linapofanyika darasani. Lakini ukimwita mzazi aje kusikiliza kitu asichokielewa, umemwita akae tu na kupiga makofi wengine wanapopiga. Kwa hiyo kila muhula fanyeni angalau mdahalo mmoja kwa Kiswahili, na msiufanyie shuleni bali katika uwanja wa ofisi ya kijiji, juu ya mada inayowahusu wote wanaosikiliza, kwa mfano kama mifugo iruhusiwe kupita katika mashamba baada ya mavuno, au kama kijana aliyemaliza kidato cha nne apewe kipande cha ardhi ya kijiji. Wazee wapewe nafasi ya kuuliza maswali, na mmoja wao awe miongoni mwa waamuzi. Nimewaona wanafunzi waliokuwa wanyonge darasani wakijenga hoja mbele ya wazee hao kwa adabu na kwa uthabiti, na nimewaona wazazi wakimtazama mtoto wao kwa heshima mpya.

Tarehe zichaguliwe pamoja na watu wa kijiji. Siku ya Mazingira Duniani ni Juni 5, na shule nyingi hupanda miti siku hiyo kwa sababu kalenda imesema hivyo, ilhali kwetu masika yanakuwa yamekwisha na shule zinakaribia kufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Mche uliopandwa kwenye udongo unaokauka, bila mtu wa kuumwagilia kwa mwezi mzima, haufiki Agosti. Pandeni mwezi Machi au Aprili, kila mche ukiwa na kaya moja ya jirani iliyokubali kuutunza, na Juni 5 itumieni kwenda kuikagua miche hiyo pamoja na wenye kaya. Vilevile ulizeni kuhusu siku ya gulio, wiki za kuvuna, mwezi wa Ramadhani na mechi za UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ambazo huanzia ngazi ya shule na kupanda hadi mkoa na taifa, na ambazo huwachukua wanafunzi hodari kutoka katika kila kamati.

Juu ya usalama nitasema machache, lakini yashikwe yote. Shughuli iishe mapema, ili mtoto anayekaa mbali afike kwao jua likiwapo. Awepo mwalimu wa kike muda wote. Mwanafunzi asipelekwe nje ya shule bila ruhusa ya mzazi iliyoandikwa, na msichana asirudishwe nyumbani peke yake kwa bodaboda, hata kama dereva anafahamika na kila mtu.

Shughuli ikiisha, kazi bado. Mkutano mkuu wa kijiji kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mtendaji akiombwa mapema huweka nafasi ya dakika chache katika ajenda. Mtunza hazina na katibu wa kamati wasimame pale na kusoma mapato na matumizi, kitu kwa kitu, pamoja na kilichobaki. Mara ya kwanza wetu walipofanya hivyo, mzee mmoja aliuliza kwa nini sukari ilinunuliwa kilo tano wakati makisio yalikuwa kilo tatu. Binti yule alifungua kaunta buku, akaonyesha idadi ya wageni walioongezeka kutoka kitongoji cha pili, akaketi. Katika shughuli iliyofuata michango ya vitu ilianza kufika bila barua ya pili kuandikwa.

Kaunta buku hilo, nakala za barua na majina ya watu wa kijiji waliosaidia vihifadhiwe katika faili moja ofisini kwa mlezi, kisha vikabidhiwe kwa kamati mpya katika kikao rasmi. Kikao hicho kifanyike mapema Septemba, kabla kidato cha nne hawajazama katika maandalizi ya mtihani, na aalikwe mwenyekiti wa kijiji pamoja na mjumbe mmoja wa bodi ya shule, ili wawafahamu kwa sura na kwa majina wale watakaowabishia hodi mwaka unaofuata.